Mapinduzi Katika Kibanda Umiza

Jumatatu, 16 Juni 2025
Raheli, mke wangu, ametoa kauli ya mwisho. Kibanda changu cha video kisipojaa hadi Jumapili, kinageuzwa stoo ya alizeti ninayonunua kwa wakulima. Stoo! Kibanda nilichojenga kwa mikono yangu hapa Sepuka! Hosea, mpinzani wangu ng'ambo ya barabara, anaonyesha filamu za ngumi na watu wanajaa hadi nje. Mimi nina filamu ya wachimbaji waliogomea tajiri wa mgodi. Vumbi, damu, hotuba. Nataka sana kujua: watu wa siku hizi bado wanayataka mambo haya?

Jumanne, 17 Juni
Hawayataki. Waliingia watatu, mmoja alikuwa anakimbia jua. Lugha ni ya kigeni, haijatafsiriwa. Mzee Kefa aliuliza wale wanagombea nini. Nikasema haki. Akauliza haki ya nani, akaondoka zake. Swali zuri lakini! Nimelitafakari hadi ugali umepoa.

Alhamisi, 19 Juni
Dawa nimeipata! Nimeshika maiki nikatafsiri mwenyewe. Lugha siijui, nani atajua? Tajiri nikamfanya mnunuzi wa alizeti, anayepimia kwa debe lililogongwa nyundo hadi kitako kikatuna. Nilieleza vizuri mno, maana langu ndivyo lilivyo. Magdalena, mkulima wa hapa jirani, alilia. Alisema tajiri huyo anamfahamu kabisa. Hosea akaja kuchungulia. Kwangu!

Jumamosi, 21 Juni
Pomoni! Watu hadi madirishani! Nikatafsiri kwa sauti kubwa kwamba wanyonge waamke. Wakaamka kweli. Filamu haijafika hata nusu, wote hao uani kwangu. Mzee Kefa akatoka na debe langu, akawaonyesha kitako. Nikamwamkia shikamoo. Akanipa mgongo. Mzee kukataa shikamoo yangu mbele za watu! Nilitamani ardhi inimeze. Wamesema siuziwi hata punje hadi nipimie debe lao.

Jumapili, 22 Juni
Raheli amekuja kukagua. Kibanda kimejaa: wakulima wanachagua viongozi wa chama chao, na kiingilio wamegoma kulipa. Stoo hataki tena, kwani alizeti yenyewe iko wapi?
Nilikaribia kuomba radhi. Kisha nikafikiri. Kumbe filamu hizi bado zinapendwa, tena sana! Nilikosea kidogo tu: zionyeshwe kwa watu wanaonyonywa na mtu mwingine. Kesho naipeleka Misigiri, kule hawanijui. Na debe napakia. Nasikia alizeti yao mwaka huu imekubali.