Jaribio la Trekta

Faida aliitwa hivyo kwa sababu kila alikopita aliacha hasara. Asubuhi moja, akinywa chai kwenye gereji pembezoni mwa mji, alimsikia mama mmoja mtu mzima akimlalamikia fundi: mvua iko mlangoni, mgongo wake umekataa jembe, na wenye matrekta hawaji kulima nusu eka. Mafuta ya safari tu yanameza malipo yote.

Faida akaweka kikombe chini. Moyo wake mwororo haukuweza kuvumilia kuona watu wana shida na bado wana hela.

Akalikodi trekta la fundi kwa siku moja, malipo jioni. Koti aliazima.

"Wazazi wangu," akawaambia wakulima kumi na wawili waliokusanyika njia panda, "mmoja mmoja mtakodi wapi? Unganeni! Kila mtu atoe kiingilio leo, na msimu mzima nitawalimia kwa nusu bei."

Msimu mzima, kwa kalenda ya Faida, ulikuwa unakwisha saa kumi na mbili jioni.

"Ahsante, mwanangu," akasema yule mama wa gerejini. "Ila nguo hupimwa kwanza. Tujaribu."

"Jaribuni hata mara mia!"

Ulimi hauna mfupa. Akalima mistari mitatu shambani kwa mama.

"Pazuri. Kule chini ni mfinyanzi, litaweza?"

Likaweza.

"Na pale ukingoni?"

Likaweza pia, na shamba likaisha. Faida akanyoosha kiganja. Mzee mmoja akakohoa.

"Kwangu kuna mawe. Niingie chama kwa udongo wa huyu shemeji yangu?"

"Kwangu mteremko," akadakia jirani.

"Tunatoa wote, au hatoi mtu," mama akakata shauri.

Faida akawaza viingilio kumi na viwili, mate yakamjaa. Akalima. Mafuta akanunua mara mbili, kwa pesa zake mwenyewe. Watu wale, tuseme haki, walikuwa na huruma: huyu alimletea maji, yule akamfunga kitambaa kichwani asiungue jua. Hata mwizi hupata kiu.

Shamba la kumi na mbili likaisha jua likizama.

"Mmeridhika?"

"Mno!"

"Basi kiingilio."

"Cha kuingia wapi, mwanangu?" mama akauliza kwa upole. "Si umeshamaliza kulima?"

"Lile lilikuwa jaribio!"

"Na umefaulu. Mungu akuzidishie."

Simu ikalia. Alikuwa fundi.

"Ndugu yangu! Nasikia umelima mashamba kumi na mawili! Miaka mitatu trekta langu halijapata siku kama ya leo. Lete pesa yangu, nipo hapa mlangoni pa gereji, siondoki."

Faida akatazama mikono yake iliyotoka malengelenge. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi ya halali kutwa nzima, na kati ya kazi zake zote, hii ndiyo pekee ambayo hakulipwa hata senti.