Turubai la Saa Nane Mchana

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Mama Demetria anafungua tawi Bunju! Maturubai, viti, vyombo na muziki wa kukodisha, kama hapa Tegeta. Jumapili atamtaja msimamizi. Tunaofaa ni wawili, mimi na Cyprian wa muziki, na Cyprian hafai. Kazi zote anaziweka kichwani, zikizidi anaandika kiganjani. Mimi nina mpango. Kalenda na namba za simu, zote kwenye kompyuta yangu, ndiyo iwe seva, kila mtu azione kwa kompyuta au simu yake. Programu huria, hailipiwi. Mwenye seva ndiye mwenye ofisi!

Jumanne, 2 Septemba
Programu ziko za kuchagua. Moja inafanya kila kitu, barua pepe mpaka mikutano. Nyingine ndogo, kalenda na namba basi. Nikachukua kubwa, kwa hadhi yangu. Kompyuta yangu kuukuu ikanguruma, ikazima. Nimeweka ndogo. Inafanya kazi! Kompyuta ya Munira wa mapishi, aliyoletewa na kaka yake kutoka Muscat, inaelewana na yangu ya Linux, na simu yake pia. Twalib, dereva wa kenta ya kubebea maturubai, naye yumo kwa simu. Nimewaagiza wafute namba za zamani kwenye simu zao, tusichanganyikiwe. Cyprian nimempa neno la siri refu kama treni, makusudi. Amejaribu mpaka jasho, kisha akasema yeye basi. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 3 Septemba
Aibu! Munira hakuiona simu yake. Mama Demetria akasema ngoja ambipu. Ikalia chini ya mto wa kochi, Mama mwenyewe akaiokota. Kwenye kioo: "Bosi Mkono wa Birika". Kumbe niliingiza kwenye seva majina yote kama nilivyoyasevu mimi! Munira akajitafuta, akajikuta "Munira Umbea". Mzee Mwinshehe, mteja wetu wa Jumamosi, ni "Mzee Punguza Bei". Nikasema ni virusi. Munira akauliza mbona mimi virusi hivyo vimeniandika "Gervas Mkurugenzi".

Alhamisi, 4 Septemba
Nimempa Mama Demetria shikamoo mbili. Ameitikia moja. Nikaona bora nisafishe, nikafuta majina yote kwenye simu yangu kimyakimya. Mara hakuna mwenye namba ya mtu yeyote. Ukifuta kwako umefuta kwa wote. Seva nzuri sana hii. Nimewaambia ni matengenezo.
Walima ya Tunu, binti wa Mzee Mwinshehe, ni Jumamosi saa nane mchana. Nimeiweka kwenye kalenda: 8:00 PM. Twalib alikuja kuniuliza muda. Nikamjibu asiniulize mimi, aiulize kalenda.

Jumamosi, 6 Septemba
Saa nane. Wageni wamejaa, turubai hakuna. Tunu amekaa juani na shela lake, wanja unamchuruzika. Nilimwonea huruma kweli, mpaka nilipomwona Mzee Mwinshehe ananitafuta. Nikajificha nyuma ya masufuria ya pilau. Munira akanifichua.
Twalib apigiwe! Kwa namba ipi? Hakuna aliyekuwa nayo. Cyprian akatoa simu yake. Namba zote anazo, kwa kuwa hajawahi kuingia kwenye seva! Kenta ilifika saa kumi. Wageni nusu walishahamia na sahani zao barazani kwa jirani. Twalib akajitetea kwamba alikuwa amelala, kalenda imesema saa mbili usiku. Nikamwonyesha kioo. Nane. PM, yaani mchana. Hapo haelewi nini? Akaniangalia kama ananipima homa.

Jumapili, 7 Septemba
Bunju amepewa Cyprian. Huyo wa kiganjani! Mimi nimeambiwa nichukue kompyuta yangu, na kuanzia kesho nioshe viti. Nimelia kidogo. Kisha nimejichunguza kiungwana na kosa langu nimeliona: nilimwamini dereva asiyejua kusoma saa.
Jioni Rosalia, mwenyekiti wa kwaya yetu, amelalamika kwamba waimbaji hawakumbuki mazoezi. Nikamwambia mtu wake ndiye mimi. Seva nimeshaiwasha. Wanakwaya wameshafuta namba zao za zamani. Mazoezi ni Jumatano, saa kumi jioni. Safari hii nimehakikisha mara mbili, nimeandika vizuri kabisa: 10:00 PM.