Kigelegele Changu Kitolewe Kadini

Shela, Malindi
12 Machi 1988

Kwa Bwana Hilal Faki,
Mwenyekiti, Kikundi cha Taarabu cha Furaha ya Shela.

Assalamu alaikum, mwanangu Hilal. Nakuita mwanangu kwa sababu siku ya akika yako nilikuwapo, na kigelegele kilichomgutusha babu yako kibarazani kilikuwa changu. Natumai u mzima na watu wako hawajambo. Utashangaa kuona nimeandika. Desturi yangu nikiwa na neno huja mlangoni nikalisema, na mtaa mzima ukafaidika. Safari hii nimeona barua inafaa zaidi, kwa sababu zangu.

Neno lenyewe lahusu kinanda chenu cha umeme, kile kinachonasa sauti ya kitu chochote na kuitoa tena mtu akibonyeza. Nakiri kwamba kigelegele kilichomo ndani nilikitoa kwa hiari. Badi, mpiga kinanda wenu, alinikuta jikoni nakuna nazi, akaniwekea maikrofoni mdomoni, akaomba kimoja tu cha majaribio. Nikampa. Lakini wakati ule kilikuwa kinanda cha diski, kinachohifadhi sauti katika kisahani, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Diski ilikuwa na adabu. Hewa yetu ya chumvi iliila, kigelegele changu kikaanza kukoroma, na Badi akaja tena na maikrofoni yake pamoja na mwaliko wa arusi. Tena ilikuwa nzito. Baina ya wimbo na wimbo kinanda kilisimama kuitafuta sauti, na katika kimya kile sisi wanawake wenye vinywa tulipata nafasi yetu. Sasa mmeleta fundi kutoka Mombasa, aking'oe kinywa cha diski na kutia kadi ndogo mfano wa kitambulisho, isiyooza wala isiyosubiri. Tangu siku hiyo Badi hakuonekana jikoni kwangu, na mialiko haikuonekana. Nimearifiwa kwamba kadi hiyo ina betri kama ya saa, na kwamba betri ikifa, vyote vilivyomo hufutika. Naomba iachwe ife.

2. Kigelegele si king'ora. Msichana anayeolewa mara ya kwanza mimi humpigia kirefu. Mjane akipata mume humpigia kifupi cha heshima, asionekane alikuwa na haraka. Kinanda chenu chawapigia wote sawasawa. Mwezi uliopita bibi mmoja wa Barani, ambaye simtaji, alipigiwa kirefu cha mwari kwa ndoa yake ya nne, na hata mumewe mpya alitazama chini. Na Badi akikisahau kidole chake pale, sauti haikomi. Watu wameanza kuulizana kama Kamaria huvuta pumzi au ametiwa pampu.

3. Kule Junju, arusini, Mzee Mwambire, mtu mstahiki, alisimama kuwaomba radhi wageni kwamba nyama imekwisha. Kiwiko cha Badi kikaangukia kinanda, kigelegele changu kikalia. Mzee hana habari za kadi. Anachojua ni sauti, maana bintiye mkubwa nilimpigia mimi mwenyewe. Hadi leo tukikutana sokoni hugeuka akatazama ndizi.

4. Mimi na jirani yangu Mastura tulikuwa hatusemezani tangu aliporudisha sufuria yangu ya pilau ikiwa na tundu, akasema nilimpa vivyo hivyo. Alipomwoza mwanawe niliapa sitakanyaga kwake. Nikajifungia ndani, nikafunga na madirisha, nikakaa kununa kwa raha zangu. Mara nasikia kigelegele changu kinatoka kwa Mastura, kizuri, hakina kasoro, kinapitia ukutani kuja kunitafuta. Asubuhi akaniletea sahani ya halua na shukrani. Ikanibidi nimwamkie. Sikuwa tayari kumwamkia, Bwana Mwenyekiti. Nilikuwa nimekusudia kununa mpaka Ramadhani, na kikundi chako kimenipokonya haki hiyo.

5. Hili la tano nililitia mwisho kwa makusudi. Unamjua Abubakr, baba yake Zeina, aliyekuwa mume wangu. Alipooa yule binti wa Mambrui, sikusema kitu. Mtu mzima haendi kulia barabarani. Nilijiwekea sharti moja tu, kwamba mdomo wangu hautafunguka kwa ajili ya arusi ile, kwa heri wala kwa shari. Kumbe mdomo wangu mlikuwa nao nyinyi. Mwalikwenda nao Mambrui, na bibi arusi alipotolewa nje, sauti yangu ndiyo iliyomtangulia. Wanawake walikuja kunipongeza, wakaniambia nina moyo mkubwa. Sina. Iliniuma, na bado inaniuma, na halua ya jambo hilo haikuletwa.

Kwa hayo yote naomba, kwa heshima, kadi itolewe na kinywa cha diski kirudishwe. Diski yenyewe iwekwe dirishani upande wa bahari, iharibike upesi kama zamani. Ikiwa kikundi kinaona maendeleo hayarudi nyuma, basi kigelegele changu kihesabiwe mwalikwa kamili. Kipewe kiti, na sahani yake ya pilau yenye nyama iletwe kwangu ikiwa bado ya moto. Na kabla hajabonyeza, Badi aje kuniuliza: "Bi Kamaria, ndoa hii waipenda?" Nikisema siipendi, akanase sauti ya mbuzi.

Na hayo nayo yakishindikana, nitakwenda kwa Kadhi. Nitamweleza kwamba kwa ushahidi wa kinanda nilikuwako Mambrui, na watu wote wanakiri kuwa nilikuwako. Kama nilikuwako, basi nilikuwa na neno la kupinga ndoa ile na sikupewa nafasi ya kulisema, kwa kuwa Badi alikuwa amenibana kwa kidole chake. Naomba ndoa irudiwe tangu mwanzo, niipinge vizuri.

Nisalimie mama yako, umwambie kanga zake ninazo. Wasalimie wapiga fidla, na mpiga tari ambaye hadi leo hajapata kadi, Mungu amhifadhi. Badi msalimie pia, lakini usimsalimie sana.

Wako katika masikitiko,
Kamaria binti Seif

Baada ya kutia sahihi: Zeina anaolewa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha, Inshallah. Ndiye mwanangu wa pekee. Tangu ile homa ya koo ya mwezi wa kwanza sauti yangu haijarudi. Daktari wa Kilifi alinitazama, akasema huenda isirudi. Ndiyo sababu nimeandika, sikuja mlangoni. Jana nilijifungia jikoni nikajaribu kimoja, kikatoka upepo mtupu. Kwa hivyo kigelegele changu hakiko tena mahali popote duniani ila mle kadini. Ingekuwa diski, kingekwisha kuoza.

Naomba mje na kinanda, na kadi iwe ndani. Ile betri niliyosema iachwe ife, tafadhali itazameni kila siku. Mimi nitasimama karibu na spika, nijizibe mdomo kwa leso kama nifanyavyo siku zote, na Zeina asiambiwe. Badi akimwona anatoka chumbani, abonyeze. Kiwe kirefu. Asiondoe kidole mpaka nimwashirie.