Yah: Malalamiko Dhidi ya Kaimu Mkuu wa Masijala, Ambaye kwa Bahati Mbaya Ni Mimi

Mkurugenzi wa Utawala na Rasilimaliwatu,
Makao Makuu, Mtumba,
Dodoma.

Kupitia kwa: Kaimu Mkuu wa Masijala (ameisoma, ameguna, ameipitisha).

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu si kosa la uchapaji. Nimekisoma mara tatu kabla ya kukiacha kilivyo, nami naomba ukisome hivyohivyo kwa utulivu, ikiwezekana baada ya chai.

Mimi ni Bartolomayo Nikodemo, Msaidizi wa Kumbukumbu. Nina miaka ishirini na sita kazini na sijawahi kupewa onyo, isipokuwa lile nililojiandikia mwenyewe mwezi wa pili, ambalo nitalieleza mbele. Mwaka jana Bi Yudith, aliyekuwa Mkuu wa Masijala, alikwenda kozi ya wiki mbili, nikateuliwa kumkaimu. Kozi ikaisha, Bi Yudith akapata uhamisho akiwa hukohuko, na nafasi yake haijajazwa mpaka leo. Wenzangu wawili wa Masijala walishastaafu. Nikabaki peke yangu na makabati, na kwa kweli tuliishi vizuri.

Kisha ukaja mfumo mpya wa kompyuta unaoitwa RAHISI, ambao kwenye semina tuliambiwa utatuondolea karatasi na usumbufu. Karatasi zimeondoka. Mfumo huo umeniandika mara mbili: mara moja kama Msaidizi, na mara ya pili kama Kaimu, msimamizi wa yule Msaidizi. Tangu siku hiyo nina bosi, naye anakaa kwenye kiti changu na kuvaa miwani yangu.

Ninachoomba ni kidogo mno, ndiyo maana naona uchungu kukiandikia barua ndefu. Naomba likizo ya siku mbili, Alhamisi na Ijumaa ya wiki ijayo. Jumamosi yake washenga wa kijana anayeitwa Methodi wanakuja kijijini kwetu, wilayani Chemba, kumposa binti yangu Ruthu. Ijumaa ukoo unakaa kukubaliana washenga wajibiwe nini, na nisipokuwepo mimi baba mzazi, atakayejibu ni kaka yangu Obedi. Obedi ndiye aliyemkataa mposaji wa kwanza wa Ruthu, kwa madai kwamba kijana yule aliwatazama mbuzi muda mrefu kuliko alivyomtazama binti. Akikasirika huacha Kiswahili akahamia Kisandawe, na wageni hubaki kusikiliza ulimi unavyogonga bila kujua kama wanatukanwa au wanakaribishwa ugali.

Ugeni huu umeshaahirishwa mara mbili kwa sababu yangu. Safari hii upande wa Methodi wametuma neno kwamba wakiahirishiwa tena, watalichukua hilo kuwa ndilo jibu. Ruthu ana miaka thelathini na miwili na anampenda huyo kijana. Alinipigia simu akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko kelele, kama ni mimi nisiyemtaka Methodi. Nikamwambia anayenizuia ni bosi wangu. Akauliza bosi gani. Hapo nikasingizia mtandao.

Baada ya kueleza hayo, sasa naorodhesha makosa ya Kaimu.

1. Ananinyima likizo. Ombi langu la kwanza nililituma nikiwa Msaidizi, na mfumo ukanijibu kwa adabu kwamba limepelekwa kwa msimamizi wangu. Nikatoka, nikaingia tena kwa nywila ya Kaimu, na kweli nikalikuta linanisubiri. Nilipobonyeza "Idhinisha" yakatokea maandishi mekundu: "Mtumishi haruhusiwi kujiidhinishia." Nikabonyeza "Kataa", kwa majaribio tu. Hilo likapita palepale, na simu yangu ikapokea ujumbe wa kunisikitikia. Kwa hiyo Kaimu ana uwezo wa kuninyima likizo lakini hana uwezo wa kunipa. Ombi la pili na la tatu yaliishia hivyohivyo. Mara ya nne mfumo ulimshauri Kaimu aniite azungumze nami, kwa kuwa ninaonekana kuwa na tatizo la nyumbani.

2. Amenishushia alama za utendaji. Mfumo unataka msimamizi na mtumishi wakae ana kwa ana kwa muda usiopungua dakika thelathini, wakubaliane malengo. Nilikaa. Kwa kuwa napenda kufuata taratibu, nilikaa robo saa upande huu wa meza na robo saa upande ule. Kikao kilikwenda vizuri na hatukukatizana. Lakini alama za juu haziruhusiwi bila ushahidi wa picha, na Kaimu hakuwa na picha yangu nikichapa kazi, kwa sababu nikichapa kazi hakuna wa kunipiga picha. Akanipa tatu kati ya tano. Mimi nikiwa Msaidizi nikabonyeza "Sikubaliani na alama hizi", kwa sababu hazinitendei haki na naamini hata yeye moyoni anajua. Mfumo ukapokea rufaa yangu kwa heshima zote na kuipeleka kwa msimamizi wangu aitolee uamuzi. Wazee walituonya kuhusu kesi ya ngedere kumpelekea nyani, ila hawakutuambia la kufanya ngedere na nyani wakiwa na kitambulisho kimoja.

3. Ameniandikia onyo la utoro. Asubuhi mashine ya vidole mlangoni hunisoma dole gumba, kisha huniuliza niingie kama nani. Mwezi wa pili kulikuwa na kikao cha wakuu wa vitengo, nikaingia kama Kaimu kwa siku nne. Siku ya tano mfumo ukamtaarifu Kaimu kwamba Msaidizi wake hajaonekana kazini tangu Jumatatu, na kumtaka aniandikie onyo ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo yeye mwenyewe atahesabiwa amefumbia macho. Angefanya nini? Aliandika. Nililipokea onyo hilo kwa mikono miwili, nikasaini kuwa nimelipokea, nikajieleza kwamba siku zote nne nilikuwa ndani ya jengo, na shahidi wangu ni Kaimu mwenyewe. Kaimu akajibu kwamba siku zote nne alikuwa kwenye kikao, hivyo hawezi kuthibitisha kama nilikuwepo ofisini. Jibu hilo ni la kweli, lakini sikulitegemea kutoka kwake.

4. Ameharibu heshima yangu kwa watu. Rose wa mapokezi, ambaye ni mtoto mwenye adabu, hunipa shikamoo asubuhi kama mzee wake. Siku hizi huniuliza kwanza leo nimekuja kama nani, halafu ndipo anajua kama aniamkie akiwa amekaa au akiwa amesimama. Wapo pia wanaopita dirishani na kumwomba Kaimu anisamehe.

5. Ananisingizia. Mwezi huu mfumo uligundua kwamba Msaidizi wa Masijala hajapumzika kwa muda mrefu, ukamwandikia Kaimu barua kali kwamba anahatarisha afya ya mtumishi. Ukamtaka aeleze kwa nini ananikandamiza. Alieleza kwamba Msaidizi huyu ni mchapakazi asiyependa kuondoka ofisini. Nilipoletewa maelezo hayo niyathibitishe nilishindwa kuvumilia, nikaandika kwamba si kweli, kwamba nimeomba mara nne, na kwamba ninaonewa. Kikulacho ki nguoni mwako, Ndugu Mkurugenzi, na wangu ananifuata hadi nyumbani Ipagala, anakula mezani kwangu na kulala upande wangu wa kitanda. Tangu siku ile hatuna maelewano. Nikinyoa asubuhi naangalia ndevu tu.

6. Haondoki. Nilikwenda kwa Meshack wa TEHAMA kumwomba amfute Kaimu. Meshack ni kijana msikivu, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ingawa aliinama chini ya meza mara mbili kutafuta waya. Akanieleza kwamba kumfuta Kaimu kunahitaji ombi kutoka kwa mkuu wa kitengo, yaani Kaimu. Nikasema Kaimu yuko tayari kuondoka. Akasema basi ajaze fomu ya makabidhiano, iwe na saini ya anayekabidhi na ya anayekabidhiwa, na wawili hao wasiwe mtu mmoja. Nikauliza nani anaweza kuibadilisha kanuni hiyo. Akasema mwenye mfumo. Nikauliza mwenye mfumo ni nani. Meshack akarudi tena chini ya meza.

Nakumbuka pia kwamba nilifika ofisini kwako juma lililopita kukueleza kwa mdomo. Ulikuwa unawahi kikao, hivyo sikulaumu. Ulinishika bega ukaniambia: "Mzee Bartolomayo, hayo mambo mmalizane hukohuko kitengoni kwenu." Nilirudi kitengoni na kujitahidi kuyamaliza. Nilifunga mlango, nikajisemea ukweli wote, nikajiomba radhi, nikajisamehe. Kisha nikatuma ombi la tano, nalo likakataliwa kama yale ya kwanza.

Wapo watakaosema niondoke tu bila ruhusa. Siwezi. Kwa onyo lile la mwezi wa pili, nikionekana mtoro mara ya pili nitafikishwa mbele ya Kamati ya Nidhamu, na anayepaswa kunipeleka mbele ya Kamati ni Kaimu. Nimemsoma vya kutosha. Atanipeleka, kwa sababu ni mwoga wa mfumo kama mimi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, nakuja kwenye maombi yangu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse ndani ya suruali moja. Naomba Kaimu ahamishwe kabla ya Alhamisi, apelekwe kituo chochote cha mbali kinachohitaji mtu mwangalifu. Ikiwa hilo haliwezekani, basi nihamishwe mimi yeye abaki, ila naomba barua itamke wazi kwamba asinifuate. Na ikiwa yote mawili yanashindikana, naomba tuitwe wote wawili mbele yako, tuwekewe viti viwili, kila mmoja aseme kwa zamu yake. Mimi nipewe nafasi ya kwanza, maana yeye ni mkubwa na akianza kusema nitanyamaza kwa heshima.

Nasema haya yote kwa moyo mzito. Sina chuki na mfumo, na wala simchukii Kaimu, ambaye nilimfahamu tangu akiwa mtoto. Ninachotaka ni kufika Chemba Alhamisi jioni, Ijumaa nikae na ukoo wangu, na Jumamosi nimsikie mtu akiniuliza kama nakubali, nami nijibu ndiyo, bila kutoka na kuingia tena kwa nywila nyingine.

Nifikishie salamu kwa wote wa ghorofa ya tatu, kwa dereva wako, kwa akina mama wa kantini, na kwa Meshack ukimwona juu ya meza. Huku Masijala sote hatujambo.

Wako katika kazi, na chini ya Kaimu,

Bartolomayo Nikodemo
Msaidizi wa Kumbukumbu

Nakala: Kaimu Mkuu wa Masijala, kwa taarifa. Ameomba isiwekwe kwenye jalada lake.

Tanbihi: Barua hii niliisahau juu ya meza ya chakula kabla sijaituma, mke wangu Hilda akaisoma yote akiwa anachambua mlenda. Alipomaliza aliniuliza swali moja: "Wewe unaomba likizo kwa bosi. Bosi anaomba kwa nani?" Nikamjibu kwamba Kaimu anaomba kwa Mkurugenzi. Hilda akasema, "Basi mwache bosi aende kuoza mtoto," akarudi kwenye mlenda wake.

Jumatatu asubuhi nimeingia kama Kaimu, nikamwombea siku mbili. Umeidhinisha kabla chai yangu haijapoa, nami nakushukuru sana kwa niaba yake. Mfumo ulimuuliza nani atamshikia ofisi, na orodha ilikuwa na jina moja tu, langu. Nikaletewa ujumbe nithibitishe kama niko tayari kubaki. Nilisita kidogo, maana inauma kubaki kazini siku za posa ya mwanao, lakini nimekubali.

Kwa sababu hiyo naomba malalamiko yote hapo juu yafutwe. Kaimu ni mtu mwema, mlezi wa watumishi, na itakuwa hasara kubwa kwa taasisi akiguswa kabla ya Jumatatu ijayo. Yeye ndiye anayekwenda Chemba kumwahi Obedi, na nimemsihi washenga wakiuliza aseme ndiyo, kwa sauti, kwa niaba yangu. Mimi nitakuwa Masijala. Ukipiga simu Alhamisi isipopokelewa, na mashine ya vidole ikionyesha kwamba sijafika, tafadhali usisumbuke kuja mwenyewe. Peleka shauri langu la utoro kwa msimamizi wangu, naye atalishughulikia akirudi kutoka likizo.