Bomba la Kwenye Filamu Bado Linavuja

Kwa Ndugu Meneja wa Jumba la Sinema,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mwenye subira, maana subira utaihitaji. Mimi ni fundi bomba, mume wa mtu, baba wa binti mmoja, na mkwe wa mama ambaye huenda ulimsikia Jumamosi, kwa kuwa aliangua kilio safu ya mbele. Naandika kwa heshima zote kuomba ile filamu ya familia isiyoelewana iondolewe mara moja, au irekebishwe, au, kama yote mawili yanashindikana, nipewe kitu kidogo nitakachokitaja mwishoni.

Sina ugomvi na sanaa. Nyumbani kwetu tunapenda filamu. Ila tumezoea filamu zenye adabu: mbaya anajulikana kwa kicheko chake, mwema anajulikana kwa shati lake, na mwishowe mmoja wao anaanguka kutoka juu ya ghorofa, sisi tunarudi kulala kwa amani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu haina muziki. Muziki ndio unaotuambia lini tuhuzunike, na sisi tunatii. Hapa mama wa kwenye filamu anamenya viazi. Anamenya tu. Nikangoja kisu kimkate, au mgeni apige hodi, au hata simu iite. Viazi vikaisha. Nikamgeukia mke wangu nimwambie kwamba labda tumeingia ukumbi usio wetu, nikamkuta amelowa machozi hadi kidevuni. Nilipouliza kulikoni, mama mkwe aliniambia niitazame mikono ya yule mama. Nikaitazama. Ilikuwa mikono. Ndugu Meneja, si haki watu kulizwa na viazi bila taarifa.

2. Wahusika wanaongea kama watu. Wanakatizana, wanatafuna, wanauliza "eh?" halafu hawasubiri jibu. Baba anaingia, anasema "Mlango," binti anaufunga, na hayo ndiyo mazungumzo ya siku nzima. Mazungumzo ya aina hiyo ninayo nyumbani bure. Yule baba sikumwona akiigiza hata kidogo. Nilidhani ni mpita njia aliyeingia mbele ya kamera, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Jirani yangu wa kiti, ambaye ni mwalimu, alininong'oneza kwamba huo ndio ustadi wenyewe. Kama ni hivyo, basi mimi ni mstadi tangu nioe, na sijawahi kupigiwa makofi.

3. Hili ni la kitaalamu. Baba yule anatengeneza bomba la sinki bila kufunga maji. Ameshika spana kubwa kupita kiasi, anaizungusha upande wa kulegeza, kisha anajifuta jasho eti kazi imefanyika. Nilisimama nikamwelekeza. Nilimwelekeza kwa upole, ingawa kwa sauti ya kusikika, na mhudumu wako mwenye tochi akaja kuniomba nikae. Nikakaa. Bomba likaendelea kuvuja, wakila linasikika, wakinuniana linasikika, tone, tone, na katika familia nzima hakuna hata mmoja aliyesema aitwe fundi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu hawa wana matatizo makubwa kweli.

4. Filamu hii imeibwa jikoni kwangu. Hili nalisema kwa uzito wote. Binti wa kwenye filamu anasimama nyuma ya baba yake aliyejikunja chini ya sinki, anamwambia amechoka kuongea peke yake ndani ya nyumba ile, na kwamba anahama. Baba, hata kichwa hakutoa, anajibu, "Nipe spana." Binti anampa spana. Mke wangu na mama mkwe wakanigeukia kwa pamoja, kwa sababu mwezi uliopita binti yangu alisimama jikoni kwetu, mimi nikiwa chini ya sinki, akasema hayohayo, nami nikajibu hivyohivyo. Sasa anaishi kwa dada yangu. Nikimpigia simu anapokea shangazi mtu, ananiambia, "Yupo, anakusalimia," kwa sauti ya mtu anayetunga salamu hapohapo. Nataka kujua nani aliyempelekea mwongozaji habari zetu. Mwanzoni nilishuku kwamba alijificha kwenye kabati la chini ya sinki, lakini wazo hilo nimeliacha, kwa sababu mle kabatini nilikuwemo mimi.

5. Jengo lako lilinipotosha. Baada ya tukio hilo sikuweza kutulia. Tone, tone. Sikio la fundi ni tofauti na la watu wengine, na nikaamini kabisa kwamba mlio ule hautoki tena kwenye filamu, unatoka ukutani kwako. Nikatoka kwenda vyooni. Nikakagua mabomba yote ya kunawia, nikakaza moja lililolegea (hilo ni zawadi), nikapanda juu ya ndoo kusikiliza dari, nikazunguka hadi nyuma ya jengo kulitafuta tangi. Niliporudi, taa zimewaka, filamu imekwisha, na ukumbi mzima unapenga kamasi.

Kumbe nilikosa tukio la mwisho, baba na binti wako peke yao mezani. Watu wanasema hiyo ndiyo filamu yenyewe. Wanasema yaliyosemwa pale ndiyo yaliyomfanya binti arudi nyumbani. Yalisemwa nini? Nilimwuliza mke wangu njiani. "Ungekaa, ungesikia," akasema, na hadi leo hajaongeza neno. Mama mkwe anadai si mambo ya kusimuliwa. Mwalimu nilimfuata hadi kwake, akanieleza kwa kirefu habari za mwanga wa dirishani. Dada wa tiketi alianza vizuri, akafika katikati, akalia, foleni ikanisukuma nje.

6. Kwa hiyo, kwa kuwa filamu imeingia nyumba yangu bila hodi na kutoka bila kuaga, naomba isimamishwe hadi bomba lile litengenezwe. Niko tayari kwenda kwa watengenezaji na vifaa vyangu. Kipande kirudiwe, nipige hodi nikiwa fundi, nibadilishe mpira wa bomba, nao walale usingizi wa maana kwa mara ya kwanza. Filamu itakuwa fupi sana, lakini familia itapona.

Likishindikana hilo, basi ombi langu dogo: mtu wako wa mitambo asikilize tukio la mwisho na anakili kwenye karatasi maneno yote ya yule baba, kwa mpangilio wake, na pale anapokohoa aonyeshe. Nitayakariri. Nitakwenda kwa dada yangu, nisimame mlangoni, niyaseme. Ya kwangu mwenyewe nimeyatafuta, lakini kila nikifungua mdomo zinatoka habari za mabomba. Namkumbuka mno binti yangu, Ndugu Meneja. Nyumba imekuwa kimya hadi nalisikia friji likipumua.

Nisalimie wote hapo kazini, pamoja na mhudumu wa tochi, ambaye sina kinyongo naye, na dada wa tiketi, natumaini ameshatulia. Mama mkwe naye anakusalimia na anauliza kama mna filamu nyingine ya kuliza.

Wako katika malalamiko na heshima,
Fundi Bomba, mtaa wa nyuma ya soko

Nyongeza: Usiiondoe filamu. Binti yangu amepita asubuhi hii kuchukua nguo zake zilizobaki, akaikuta barua mezani, akaisoma yote akiwa amesimama. Kwenye namba tatu alicheka. Alipofika namba sita hakucheka. Kumbe naye ameitazama, yeye na shangazi yake, na anasema hakuna maneno ya kunakili. "Yule baba hasemi kitu pale," ameniambia. "Anayesema ni binti. Baba anavuta kiti, anakaa." Nikamwuliza binti huyo anasema nini. Akanitazama, akauliza kama nataka kusikia kweli au nauliza tu. Nimevuta kiti. Naomba radhi kwa mwandiko huu mbaya, nilidhani naweza kumalizia nyongeza huku namsikiliza. Ameniambia niweke kalamu chini. Naiweka.