Chumba Kisicho na Kisa

Jumanne, 6 Mei

Nimefika. Safari ndefu, kiti kibovu, lakini nina mpango, na nikiwa na mpango huwa sichoki. Kabla ya wiki kwisha narudi nyumbani na mke wangu, mkoba wake juu ya magoti yangu.

Alisema anakuja kumsaidia dada yake wiki moja. Huu ni mwezi wa pili. Chanzo, anasema, ni mimi. Nilimwambia mwenye nyumba kwamba tunahama, ili aogope kupoteza wapangaji wazuri, apake rangi. Hakuogopa. Alileta wapangaji wapya. Mke wangu karudi kutoka sokoni, kamkuta mwanamke asiyemjua jikoni kwake anapima kabati kwa kamba. Nyumba hatukuipoteza; sasa hapo mimi nilikosea nini? Rangi ilikuwa inabanduka kweli!

Nyumba hii ya wageni mke wangu na dada yake waliachiwa na babu yao. Ghorofa moja, kuta nene za mawe, ngazi za mbao zinazolalamika kila ukizikanyaga, funguo nzito za kutoboa mfuko. Na ina desturi yake. Hupewi ufunguo mpaka usimame mlangoni usikilize kisa cha chumba chako. Kuna chumba cha jaji aliyeandika hukumu asubuhi akaichana jioni. Kuna cha ndugu wawili waliogombana wakachora mstari wa chaki katikati ya sakafu, mmoja akabaki upande usio na mlango. Nikasubiri changu kwa hamu. Shemeji, huyo dada, akanipeleka chumba cha mwisho kabisa, ubavuni mwa tangi la maji. Akafungua. Akasema humu halijawahi kutokea jambo lolote. Akanipa ufunguo.

Shemeji huniita Bwana Mipango. Nimejifanya sisikii. Nikamwambia nimekuja kikazi, kukagua mapaa. Akauliza mapaa ya nani. Nikasema mapaa kwa ujumla.

Mke wangu nilimkuta kwenye ngazi, ndoo mkononi. Alinikaribisha vizuri, akaniambia chai ya asubuhi ni saa moja. Kama mgeni! Nimekaa kitandani muda mrefu bila kuvua viatu.

Jumatano, 7 Mei

Nina adui. Mwalimu mstaafu wa historia, mpangaji wa kudumu, anakaa chumba cha jaji. Kiti cha dirishani ni chake. Yai la kwanza ni lake. Anajua kila ukuta ulijengwa lini, na anamwambia kila mtu, hata anayetafuna. Leo alimweleza mke wangu habari za paa la zamani, mke wangu akacheka. Paa lina kichekesho gani? Mimi ndiye mkaguzi wa mapaa na sijawahi kumchekesha mtu.

Mpango wa kwanza: malalamiko. Mgeni akilalamika, lazima ahudumiwe, na anayehudumia vyumba ni mke wangu. Hapo tutazungumza. Basi nikapeleka malalamiko kwa shemeji. Mto mgumu. Taa hafifu. Tangi linapiga kelele, tena kelele za ajabu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kulia.

Shemeji akasema pole sana, shemeji. Akamtuma fundi bomba.

Fundi bomba kashinda chumbani kwangu. Hakugusa tangi. Alikaa juu ya kitanda changu akinieleza ugomvi wake na wakwe zake, toka harusi mpaka juzi. Alipoondoka akaniambia mimi ni msikilizaji mzuri. Kelele ziko palepale. Mke wangu sikumwona ila mgongo, akianika mashuka uani. Anaimba akianika. Nyumbani kwetu sikumbuki kumsikia akiimba. Au alikuwa akiimba nami ndiye niliyekuwa nasema?

Jumamosi, 10 Mei

Siku mbili sijaandika kwa sababu nilikuwa nafikiri. Na nimefikiri kweli!

Mambo ni hivi. Wageni hapa ni wachache. Kwa kuwa ni wachache, shemeji hana uwezo wa kuajiri mtu. Kwa kuwa haajiri mtu, anamng'ang'ania mdogo wake. Kwa hiyo wageni wakijaa, shemeji ataajiri, na mke wangu atakuwa huru. Ni wazi kama maji ya kunywa. Nashangaa shemeji mwenyewe hakuliona.

Wageni huletwa na visa. Chumba changu hakina. Nimekipa.

Mchana huu alipita dereva wa basi la watalii, akaagiza chai. Nikakaa mezani kwake. Nikamweleza, kwa sauti ya chini, habari za mke na mume waliowahi kufikia chumba kile. Mume akatoka kwenda kununua mafuta ya taa. Hakurudi. Mke akakaa dirishani akimngoja, misimu ikapita, akakataa kuhamia chumba kingine. Na hadi leo, ukiweka sikio ukutani, utamsikia. Nikampandisha juu, akaweka sikio. Tangi likavuta pumzi. Dereva akatoka mbio bila kofia.

Sikutia chumvi nyingi. Kiasi tu.

Mwalimu wa historia alikuwa amesikia kutoka kiti chake. Akasema kwa miaka yote aliyoichunguza nyumba hii hajakutana na habari hizo popote. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo dalili ya kwanza kuwa zilifichwa. Akageuza kiti chake kuelekea dirishani. Mshindi: mimi. Nimekula mayai mawili.

Jumapili, 11 Mei

Salaale! Dereva amerudi na basi zima. Chama cha akina mama, vitambaa vya rangi moja, wote wanataka chumba cha mwanamke wa dirishani. Shemeji akanitazama. Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama dari, kama mkaguzi.

Desturi ni desturi, lazima kisa kisimuliwe mlangoni. Shemeji hakukijua, akamsukuma mdogo wake mbele. Mke wangu akageuka kunitazama mimi. Hakukunja uso. Alinitazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua, akipima kama itasuguka. Kisha akaanza kusimulia, kwa yale machache aliyoyasikia kwa akina mama.

Jamani, anasimulia! Mimi nilimpa yule mwanamke dirisha tu. Yeye akampa kitana, akampa shali, akampa namna ya kuweka mkono shavuni. Akina mama waliacha kunong'ona. Nilisimama nyuma yao na fahari kifuani, nikitamani kumwambia aliye karibu nami kwamba yule ni mke wangu. Nikamwambia. Akaniomba ninyamaze, asikose kisa.

Hasara ndogo: chumba kimechukuliwa na mwenyekiti wa chama, mimi nimehamishiwa stoo ya mashuka. Si neno. Mambo yameiva.

Jumatatu, 12 Mei

Mambo yameungua.

Vyumba vyote vimejaa. Shemeji, kama nilivyobashiri, ameajiri. Amemwajiri mke wangu! Yeye ndiye msimamizi, na funguo zote kiunoni. Shemeji akaniita mbele za watu kunishukuru. Akasema bila mimi asingejua mdogo wake ana kipaji hicho, na sasa hawezi kumwachia aende popote. Akanipa kipande kikubwa cha keki. Nimekila. Kilikuwa kikavu.

Na mwalimu, aliyekuwa akidai kisa hakipo, sasa anakiandikia sura nzima. Amenifuata hadi stoo kuuliza yule mume alinunua mafuta duka gani.

Lakini si hilo lililonikosesha raha. Ukuta wa stoo ni wa mbao, na uko karibu na mlango wa kile chumba. Alasiri kikaja kikundi kingine, nikamsikia mke wangu akisimulia. Kisa kimebadilika. Mume hakwenda kununua mafuta. Mume hakuondoka kabisa. Alikuwa mlemle ndani ya nyumba, chumba cha pili, akipanga namna ya kuingia. Mara apite dirishani. Mara atume mtu. Mara ajifanye mgonjwa, mara ajifanye tajiri. Na mke amekaa, mlango haujafungwa kwa ufunguo, umerudishwa tu. Angebisha hodi angeambiwa karibu. Hakubisha.

Kisha mtu mmoja akauliza yule mume alikuwa mjinga au vipi. Mke wangu akasema hapana, hakuwa mjinga, alikuwa mwoga. Alisema kwa upole. Hapo ndipo iliponiuma. Nilifuta uso kwa foronya, nikaikunja upya ili isijulikane.

Jumanne, 13 Mei

Leo mke wangu amekuja stoo mwenyewe. Alikuwa na lundo la mashuka, akanipa ncha mbili bila kusema kitu, naye akashika mbili. Tukakunja. Unarudi nyuma, unavuta, unasogea mbele mpaka vidole vinagusana, anachukua ncha zako, unainama kuokota mkunjo. Nyumbani tulikuwa tukikunja hivyo zamani, kabla sijaanza kuwa na shughuli nyingi. Lundo lilipokaribia kwisha nikatamani watu wachafue mengine.

Akasema hana hasira tena. Alikuwa nayo, imekwisha. Kilichobaki ni uchovu. Amechoka kuyajua mambo ya nyumba yake kwa kuyakuta mlangoni. Akasema kazi hii anaipenda, asinidanganye, lakini anakumbuka jiko lake, na ananikumbuka mimi pia, siku zile ninapokaa kimya. Akasema nikitaka arudi, nije kesho asubuhi barazani, nimwombe. Basi. Bila kisa. Nikimwomba atanijibu palepale, na dada yake anajua tayari. Siku nne kule nyumbani, siku tatu huku, hilo linaweza kuzungumzwa. Lakini aombwe kwanza.

Nimeelewa. Naandika hapa ili nisisahau: nimeelewa! Nampenda mke wangu. Nyumba bila yeye ina mwangwi. Nimekuwa nikiijibu redio. Mipango yote hii, tangu ya rangi mpaka ya mafuta ya taa, ilikuwa njia ya kuzunguka maneno mawili: rudi nyumbani. Mtoto mdogo anaweza kuyasema. Nimeyasema hapa stoo kwa sauti, mara kadhaa, mbele ya mito. Yanasemeka.

Sina mpango wowote wa kesho. Ni ajabu, mtu kukosa mpango. Najihisi mwepesi.

Jumatano, 14 Mei

Nimenyoa. Nimevaa shati lililopigwa pasi, nikashuka barazani. Alikuwa amekaa, vikombe viwili mezani. Shemeji alikuwa amemtuma mwalimu aende kuhesabu vigae vya uani, akaenda kwa furaha. Hakuna mtu. Asubuhi nzuri. Mke wangu amefunga kitambaa kile cha bluu.

Nikakaa. Nikafungua mdomo. Maneno yangu mawili yalikuwa tayari kwenye ulimi.

Nikayatazama, yakaonekana mafupi mno. Uchi kabisa! Mtu hawezi kumtoa mwanamke kwenye kazi, vyeo na funguo kwa maneno mawili makavu. Nikaona niyawekee kitu kidogo mbele, cha kuyasindikiza.

Nikamwambia kwamba mama jirani wa kule nyumbani anaumwa. Sana. Anamwita yeye tu.

Akaweka kikombe chini, uso ukabadilika, akauliza anaumwa nini. Hapo nilikuwa sijafika. Nikasema mguu. Akauliza mguu umefanyaje. Nikasema umepanda hadi kifua. Akaniuliza, taratibu, kama hicho ndicho nilichokuja kumwambia. Nilipaswa kusema hapana. Nilijua kabisa napaswa kusema hapana! Nikasema na daktari ameshtuka.

Akanisubiri kidogo. Alinisubiri kweli, mikono mapajani, macho kwangu. Kisha akasema mama jirani alimpigia simu jana jioni kutoka harusini, na alikuwa akicheza. Akachukua vikombe vyote viwili, changu kikiwa bado kimejaa. Akasema basi la kurudi ni saa kumi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwambia mgeni saa ya chai.

Sasa niko ndani ya basi. Kiti cha pembeni yangu ni kitupu, nimekiwekea mkoba wangu. Nimelia kidogo mpaka njia panda, halafu nikatulia nikatafuta kosa lilikuwa wapi, kwa sababu mtu mzima lazima ajisahihishe.

Kosa nimeliona. Nilichagua ugonjwa kwa haraka, tena sikumwarifu mgonjwa! Nikifika tu, kabla ya kufungua mlango, nitapita kwa mama jirani nimwombe alale kitandani siku mbili tatu. Ugonjwa uwe mmoja, mguu peke yake, na bendeji nitanunua mimi. Picha zitapigwa. Kisha nitamwandikia mke wangu barua ndefu, ya utulivu, yenye kila kitu. Lile ombi lenyewe nitalitia mwishoni kabisa, kama nafasi itabaki.