Kiti Changu na Spika za Uso wa Dhahabu

Jumanne, 8 Oktoba

Mji mzima wa Madurai hakuna sikio kama langu. Nikisikia ngoma inapigwa mtaa wa pili, nakutajia mbuzi aliyetoa ngozi. Haya, uongo. La kushoto lilikufa na fataki za sikukuu ya Deepavali miaka hiyo, na la kulia husikia likijisikia. Lakini nani kaniuliza?

Leo duka limetuazima spika jozi mbili. Ni zile za studio, za fundi kusikilizia anapochanganya nyimbo. Tuchague jozi moja, nyingine irudi. Jozi ya kwanza nimeipendekeza mimi: mbao rangi ya fenesi bivu, uso wa dhahabu, na taa ya buluu inayozunguka kama taji. Ukiziona unataka kuvua viatu. Ya pili kaipendekeza Chockalingam, fundi wetu wa sauti. Kijivu. Zimekaa kama vyombo vya chakula cha mgonjwa.

Mtu mzima anachagua ubaya kwa hiari yake? Hapa pana jambo.

Kalaiselvi, binti wa marehemu kaka yangu na mwenye studio, kasema zikishinda zangu nabaki na kiti changu chumba cha mitambo, chini ya kiyoyozi. Nikishindwa nahamia korido, kwenye viatu vya wageni. Kisa? Eti naropoka fundi akiwa kazini.

Kiti kile kina mto. Mto umeshashika umbo langu.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumejaribu na ngoma yangu ya mridangam, niliyoipiga kwenye wimbo wa kamati ya hekalu. Kwenye za dhahabu: radi! Machozi yalinitoka. Sikujua kama mimi ni mkubwa kiasi hicho.

Kwenye za kijivu: pete yangu ikikwaruza ngozi. Pumzi zangu. Na pale katikati, mkono wa kushoto ukichelewa kama karani wa serikali. Wambea hao! Spika inayomsema mtu mbele za watu lazima imelipwa na mtu.

Nikamuuliza Chockalingam ana undugu gani na mwenye duka. Akacheka tu.

“Mzee wangu, spika ya studio si ya kukusifia. Ni ya kukusema, ili wasikuseme huko mtaani.”

Sikulala mchana kwa kulifikiria jibu lile. Jibu zuri mno. Amelikariri.

Kalaiselvi kaamua: Jumamosi, sikukuu ya vyombo vya kazi ikiisha, tutasikiliza zikiwa nyuma ya pazia. Jicho lisidanganye sikio. Pazia! Nani kamtia wazo hilo kichwani? Namjua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata dawa ya pazia. Pua! Sikio langu limechoka lakini pua yangu nzima. Nimenunua kamba ya maua ya asumini na kuisokomeza nyuma ya spika za dhahabu. Jumamosi nitafumba macho, nitavuta pumzi kama mtu wa ibada, kisha nitatamka: hizi hapa.

Chockalingam alinikuta nimeinama pale. Nikamwambia nimeangusha jino. Akanisaidia kulitafuta, kwa muda mrefu. Mtu mwema hivyo ana lake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku ya kuabudu vyombo vya kazi. Kila kitu kimeoshwa, kimepakwa, kimewekwa mbele ya Mama Saraswati, mungu wa elimu na muziki, kipumzike. Hakuna anayegusa wala kuwasha mpaka kesho. Ngoma yangu pale, nyaya pale, hata bisibisi.

Kazi ya kupaka nimeidaka mimi. Za dhahabu nimezitendea haki: liwa ya mti wa sandali, nzito kama uji, uso mzima. Kile kispika kidogo cha juu, cha sauti nyembamba, nimekipaka mistari ya vidole vitatu, juu yake nukta nyekundu. Zimekuwa maharusi. Za kijivu sikuzigusa. Chockalingam kazipaka mwenyewe, katone kamoja, nyuma ya sanduku. Hata kwa Mungu bahili!

Kisha balaa. Kalaiselvi kaja na kapu la asumini akavisha vyombo vyote. Vyote! Za kijivu nazo. Studio nzima inanuka harusi.

Nani kamtuma asumini? Eti ndiyo desturi ya kila mwaka. Desturi gani hiyo inayonilenga mimi?

Jumamosi, 12 Oktoba

Pazia. Nikavuta pumzi. Asumini kushoto, asumini kulia. Nikapiga chafya.

Ikabidi nisikilize. Aibu kubwa kwa mtu wa umri wangu.

Jozi ya kwanza ilisikika kama mtu anayeimba ndani ya gunia la mchele. Ya pili safi, kila neno la wimbo limenyooka. Nikasimama kwenye kiti changu kabisa. Nikasema ya pili ndiyo dhahabu, ya kwanza ni yale masanduku ya mgonjwa, na wenye wivu wakanywe kahawa.

Pazia likavutwa. Ya pili ni kijivu.

Nikasema kuna mtu kaziroga. Chockalingam akagusa kispika kidogo cha dhahabu kwa ukucha. Kipande cha sandali kikaanguka, kigumu kama kauri.

“Ba'mdogo,” Kalaiselvi akauliza taratibu, “umepaka mpaka kwenye mdomo wake?”

Chockalingam akasema si haki, zisafishwe zipewe nafasi tena. Ameshashinda, anadai haki ya nini? Nikazidi kumwogopa. Akasafisha kwa brashi. Radi ikarudi. Akachanganya wimbo kwa kufuata za dhahabu, kisha akauchanganya tena kwa za kijivu. Tukaenda kuupiga kwenye kispika cha kibanda cha kahawa.

Wa kijivu: ngoma yangu ipo, na watu wakatikisa kichwa kufuata mdundo. Wa dhahabu: spika zile zinajiongezea radi zenyewe, kwa hiyo fundi alikuwa ameipunguza ngoma. Muuza kahawa akauliza mpiga ngoma kaenda likizo wapi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika nikiwa korido. Viatu vya kamati ya hekalu vinanuka. Wamekuja kuusikia wimbo na wameuchukua.

Duka limekataa kuzipokea za dhahabu, zina madoa. Kalaiselvi akaniambia nizipeleke kwangu nisizilete tena. Zipo kando ya miungu. Zinanisifia asubuhi na jioni. Ijumaa nitazipaka.

Sasa nasikia watachagua maikrofoni. Moja ni nyeusi kama tochi ya mlinzi. Nyingine ya dhahabu, imechongoka kama kilele cha hekalu. Sijaisikia, ya nini? Uso unajieleza.

Chockalingam, najua unalisoma daftari hili nikienda chooni. Nilikushikia ngazi siku ulipofunga feni, na hujanilipa. Mwambie Kalaiselvi ile ya dhahabu ina sauti nzuri. Na unapotoka, nitupie mto wangu.